John Murray, msomaji wa tope la bahari

Katika mtaa wa Buyenzi hapa Bujumbura hakuna asiyeijua kutu. Mafundi wa gereji huikwangua kwenye vyuma vya magari tangu asubuhi hadi adhana ya magharibi, nayo huanguka chini kama vumbi jekundu na kufagiliwa pamoja na takataka nyingine. Huenda fundi akacheka akiambiwa kwamba vumbi linalofanana na hilo limetandikwa chini ya bahari kuu, mamia ya kilomita kwa mamia ya kilomita, na kwamba alikuwapo mtu aliyetumia zaidi ya miaka 40 ya maisha yake akikusanya tope la huko chini, akilipima na kulitunza katika chupa kana kwamba ni mafuta ya thamani.

Mtu huyo ni Sir John Murray. Kwa wanaosomea bahari, jina lake linatajwa miongoni mwa waasisi wa elimu yao. Kwetu sisi, ambao wazee wetu walifika ukingoni mwa Tanganyika pamoja na misafara iliyotoka pwani, jina hilo halisikiki sana. Hata hivyo mali aliyoiacha ndiyo iliyogharimia safari ya meli iliyotia nanga Unguja na Mombasa miaka 20 baada ya kifo chake, na yale yaliyoonekana katika safari hiyo yanalihusu pia bonde ambalo ndani yake limo ziwa letu.

Murray alizaliwa tarehe 3 Machi 1841 katika mji wa Cobourg nchini Kanada, kwa wazazi waliohamia huko kutoka Scotland. Alipofikisha miaka 17 alivuka bahari kurudi katika nchi ya asili yao, akalelewa na babu yake mzaa mama. Baadaye aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh kusomea utabibu, lakini hakuwa mwanafunzi wa kumpendeza mwalimu anayehesabu vyeti. Alihudhuria masomo yaliyomvutia, akayapa kisogo mengine, na mitihani hakuijali. Shahada hakuipata. Mwaka 1868 alipanda meli ya kuwinda nyangumi iliyoitwa Jan Mayen, akiwa tabibu wake, akaenda nayo hadi kwenye barafu za Spitsbergen. Wenzake waliwinda nyangumi. Yeye alikusanya wadudu na mimea ya baharini, akaandika mwendo wa mikondo na wa barafu. Aliporudi, akajifungia tena katika maabara za Edinburgh bila kazi maalumu.

Pengine angebaki hivyo maisha yake yote, kama wabakivyo watu wengi wenye akili wasio na cheti. Lakini mwaka 1872 serikali ya Uingereza ilikuwa ikitayarisha safari kubwa ya kuichunguza bahari, chini ya Profesa Charles Wyville Thomson. Mmoja kati ya wataalamu waliokwisha kuteuliwa alijitoa, nafasi ikabaki wazi, na Murray akapendekezwa kuijaza. Alikuwa na umri wa miaka 31.

Meli yenyewe iliitwa Challenger. Ilikuwa meli ya kivita, na karibu mizinga yake yote iliondolewa ili ipatikane nafasi ya maabara, chupa na kamba. Iling'oa nanga Portsmouth tarehe 21 Desemba 1872, ikarejea Uingereza tarehe 24 Mei 1876. Katika muda huo ilipita Atlantiki, ikafika Cape Town, ikashuka hadi kwenye barafu za kusini, ikaingia Pasifiki na kuivuka. Ilisafiri maili za bahari 68,890, yaani kilomita zipatazo 127,600, na ilisimama katika vituo 362 kupima kina, joto la maji na hali ya chini.

Inafaa kueleza kupima huko kulivyokuwa, kwa maana ndiko kulikozaa habari hii yote. Mabaharia wa pwani yetu wanaijua bildi, ile kamba yenye kipande cha risasi inayotupwa majini ili kujua pima zilizobaki chini ya chombo. Bildi ya Challenger ilikuwa kazi nyingine kabisa. Ilikuwa kamba ya katani yenye urefu wa kilomita kadhaa, ikishushwa na uzito mkubwa wa chuma, na mwishoni mwake pana bomba. Uzito ulipogusa chini ulijifungua wenyewe na kuachwa huko, na bomba likavutwa juu kwa mtambo wa mvuke likiwa limemeza kipande cha sakafu ya bahari. Penye kina cha kilomita nne au tano, kushusha na kupandisha kulikula saa nyingi. Karibu na visiwa vya Mariana, mwezi Machi 1875, kamba ilishuka mita 8,184 kabla ya kugusa chini. Na malipo ya taabu yote hiyo yalikuwa viganja vichache vya tope.

Mabaharia walichoka. Kazi ilikuwa ileile mchana na usiku, bandari baada ya bandari baadhi yao walitoroka, na mmoja wa wataalamu, Mjerumani kijana, Rudolf von Willemoes-Suhm, alifariki baharini mwaka 1875. Katika ugawaji wa kazi, Murray alilichukua tope. Wengine walifurahia samaki wa ajabu na konokono ambao hakuna jicho lililopata kuwaona; yeye alikaa na bakuli, maji, chekecheo na hadubini.

Alichokiona kilibadili mengi. Kulikuwa na tope jeupe lililojaa viganda vya viumbe vidogo mno. Thomson aliamini kwamba viumbe hao huishi chini kabisa. Murray aliburuta nyavu laini karibu na uso wa bahari, siku baada ya siku, akawakuta hai huko juu, na akaonyesha kwamba viganda vyao hunyesha chini baada ya kufa kwao, kama mvua isiyokatika. Mkuu wake akakubali. Penye kina kirefu zaidi viganda huyeyuka kabla ya kulimbikana, na kinachobaki ni udongo mwekundu. Katika udongo huo Murray alipitisha sumaku. Akanasa vijipira vidogo vya chuma vyenye nikeli na kobalti, akasema kwamba havikutoka duniani bali ni vumbi la vimondo lililodondoka kutoka angani. Wapo waliotia shaka. Uchunguzi wa baadaye ulimpa haki.

Na kulikuwa na mabonge. Tarehe 18 Februari 1873, kusini-magharibi ya visiwa vya Canary, wavu wa kukokotwa ulipanda na vipande vyeusi, vizito, vyenye umbo la mviringo. John Young Buchanan, mkemia wa meli, akavipima, akakuta kwamba sehemu yake kubwa ni manganizi. Katika Pasifiki vilipatikana vingi zaidi, vikubwa kama viazi; vilipopasuliwa, ndani ya baadhi yake palikuwa na jino la papa au mfupa wa sikio la nyangumi, metali imelizunguka tabaka juu ya tabaka.

Meli iliporejea, kazi ngumu ndiyo kwanza ilianza. Ofisi ilifunguliwa Edinburgh ili kupanga mali yote iliyokusanywa na kuigawa kwa wataalamu wa nchi mbalimbali. Thomson alidhoofika chini ya mzigo huo, akafariki mwaka 1882, na Murray akaachiwa uongozi. Hazina ya serikali ilikwisha kuchoka kutoa fedha. Yeye alikuwa mtu mkavu wa maneno, mkaidi, asiyependa kuzungushwa. Aliwasukuma wataalamu waliochelewa, akabishana na maofisa, na penye upungufu akatia fedha zake mwenyewe. Mwaka 1895 taarifa ilikamilika: mabuku 50. Kwa maoni yetu hii ndiyo sifa yake kubwa kuliko yote ya baharini. Safari nyingi zimefanywa na matokeo yake yakaozea makabatini.

Buku la tope lenyewe lilitoka mwaka 1891. Murray aliliandika pamoja na Mbelgiji Alphonse Renard, mjuzi wa mawe, na kwa mara ya kwanza dunia ikapata ramani ya kinacholala chini ya bahari zote. Katika majedwali yake kulikuwa na sampuli kutoka kusini-mashariki mwa Pasifiki ambazo hazikufanana na nyingine: tope la kahawia iliyoiva, lenye chuma na manganizi kupita kawaida. Murray aliliona jambo hilo na kuliandika. Maelezo yake yalikuwa kwamba metali za sakafu ya bahari hutokana hasa na kuoza polepole kwa mawe ya volkeno yaliyotapakaa huko chini. Kwa zana za wakati wake, hilo lilikuwa wazo la busara. Lakini halikutosha kueleza kwa nini mahali hapo, na si pengine, pawe na utajiri wa namna hiyo.

Jibu lilisubiri robo tatu ya karne. Mwaka 1966 Kurt Boström wa Sweden na Melvin Peterson wa Marekani walichapisha vipimo vya tope lililochukuliwa juu ya tuta kubwa la Pasifiki ya mashariki, yaani mlima mrefu wa chini ya bahari ambapo sakafu hupasuka na mawe mapya huzaliwa. Waliona kwamba kadiri unavyokaribia kilele cha tuta, ndivyo chuma, manganizi, shaba, nikeli na risasi zinavyozidi, na kwamba ni hapohapo joto hutoka ardhini kwa wingi. Wakahitimisha kwamba metali hizo hupandishwa na maji ya moto yatokayo ndani. Wakati huo hakuna aliyekuwa ameyaona maji hayo kwenye matuta. Chemchemi za kwanza zilionekana kwa macho mwaka 1977 karibu na visiwa vya Galápagos, na mwaka 1979 zikapatikana nyingine, karibu na Meksiko, zinazofuka maji meusi yenye joto linalozidi nyuzi 350.

Fundi wa Buyenzi ataielewa kazi hiyo upesi kuliko wengi. Maji ya bahari huzama katika nyufa za tuta, yakakaribia mawe yaliyoyeyuka, yakapata moto mkali bila kuchemka kwa sababu ya mgandamizo mkubwa ulio juu yake. Yakiwa hivyo huyala mawe na kubeba chuma, manganizi, shaba, zinki na risasi. Yanapofumka tena katika bahari yenye baridi ya nyuzi mbili hivi, sehemu ya metali huungana na salfa na kuganda papo hapo. Sehemu nyingine ya chuma hupanda na wingu la maji moto, hukutana na oksijeni, na kushika kutu. Chembe hizo za kutu, nyembamba kuliko unga, husafirishwa na mkondo, na njiani hunasa metali nyingine zilizomo katika maji ya bahari kwa kiasi kidogo mno, kama vanadi na aseniki, kisha hutua taratibu. Manganizi huchelewa kuganda, kwa hiyo hutua mbali zaidi. Metali hizi hupimwa kwa gramu katika tani nzima ya tope. Aipimaye tani hiyo kituo baada ya kituo huweza kufuata nyayo hadi mlangoni mwa chemchemi asiyoiona.

Sampuli za Challenger hazikutupwa. Zipo hadi leo katika Jumba la Makumbusho ya Viumbe na Maumbile, London, na wataalamu wenye zana ambazo Murray hakuziota wamezifungua tena na tena.

Turudi kwake. Mwaka 1889 alimuoa Isabel Henderson, binti wa mwenye meli, na mwana wao mmoja akamwita John Challenger. Mwaka 1898 alitunukiwa cheo cha Sir. Alikwisha kuwa tajiri, na utajiri huo ulitokana na jiwe. Miaka ya 1880 alipelekewa sampuli za mawe kutoka Kisiwa cha Christmas, kusini mwa Java, akatambua kwamba ni fosfeti, mbolea yenye bei kubwa. Uingereza ilikitwaa kisiwa hicho mwaka 1888, na mwaka 1897 ikaanzishwa kampuni ya kuchimba, Murray akiwa miongoni mwa wakuu wake. Alikuwa akijivunia kwamba kodi iliyoingia hazina kutokana na kisiwa hicho ilizidi gharama zote za safari ya Challenger. Hesabu hiyo haina dosari kwenye karatasi. Lakini vibarua walioletwa kutoka China kuchimba walilala katika mabanda duni na kula wali mweupe, na katika miaka ya mwanzo mamia yao walikufa kwa beriberi. Wasifu mwingi wa Murray huupita ukurasa huo haraka. Sisi tunaoishi katika nchi zenye migodi hatuna budi kusimama hapo kidogo.

Uzeeni aligeukia maziwa. Pamoja na kijana rafiki yake, Fred Pullar, alianza kupima kina cha maziwa ya Scotland. Mwezi Februari 1901 barafu ilivunjika katika ziwa moja wakati watu wakiteleza juu yake; Pullar alijitosa kuwaokoa, akafa maji. Murray alitaka kuiacha kazi. Baba wa marehemu akatoa fedha ili iendelee, na maziwa 562 yakapimwa. Mwaka 1910, akikaribia miaka 70, Murray alirudi Atlantiki katika meli ya Kinorwe, Michael Sars, kwa gharama yake mwenyewe, na miaka miwili baadaye yeye na Johan Hjort wakatoa kitabu kikubwa juu ya vilindi. Tarehe 16 Machi 1914 gari alilopanda lilipinduka karibu na Kirkliston, nje ya Edinburgh, akafa papo hapo. Aliyepona barafu za kaskazini na za kusini alimalizikia barabarani, kilomita chache kutoka kwake.

Katika wosia wake aliacha sehemu ya hisa za kampuni ya fosfeti kwa ajili ya utafiti. Challenger ilikuwa imepita mbali kusini. Haikuigusa Bahari ya Hindi ya upande wetu. Kwa hiyo wasimamizi wa fedha hizo, mwanawe akiwa mmoja wao, waliamua kuziba pengo hilo. Misri ilitoa meli, iliyoitwa Mabahith, jina la Kiarabu lenye maana ya utafiti. Mabaharia wake walikuwa Wamisri, na kati ya wanasayansi walikuwamo Wamisri wawili, Abdel Fattah Mohamed na Hussein Faouzi, chini ya uongozi wa Mwingereza Seymour Sewell. Iliondoka Alexandria mwezi Septemba 1933, ikapita Aden, Karachi na Bombay, ikafika Mombasa na Unguja, kisha Colombo na Maldivi, ikarejea mwezi Mei 1934.

Mabahith haikutegemea kamba peke yake. Ilipiga sauti chini na kusikiliza mwangwi, na mwangwi ukachora kitu ambacho bildi ya Murray isingekionyesha: juu ya tuta la Carlsberg, mlima mrefu uliozama kati ya Afrika na India, pana bonde refu lililolipasua tuta kwa urefu wake. Mwaka 1937 Sewell na mwenzake John Wiseman waliandika kwamba umbo hilo linafanana na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Walikuwa wameona, kabla ya wengine wengi, kwamba ufa wa baharini na ufa wa nchi kavu ni ndugu.

Ziwa Tanganyika limelala ndani ya ufa huo, lenye kina cha mita 1,470, na wavuvi wa ndagala na mukeke hupita kila usiku juu ya mashapo ambayo yangemfurahisha Murray. Kaskazini mwa ziwa, mahali paitwapo Pemba upande wa Kongo, kusini ya Uvira, na pia kwenye Rasi ya Banza katika peninsula ya Ubwari, watafiti waligundua mwaka 1987 chemchemi za moto zitokazo chini ya maji. Mwaka 1991 wapiga mbizi walishuka kuzichunguza. Walikuta nguzo ndogo za chokaa zilizojengwa na maji hayo huko Banza, ambako joto lake hukaribia nyuzi 100, na huko Pemba walikuta chuma kilichoungana na salfa kimeganda juu ya mwamba. Si tuta la bahari, na kiasi chake ni kidogo. Lakini kazi ni ileile: ardhi inapasuka, maji yanazama, yanakula mawe, yanarudi na metali.

Asubuhi isiyo na ukungu, kutoka ufukweni karibu na Buyenzi, milima ya Uvira huonekana wazi ng'ambo ya maji. Pemba ipo chini ya milima hiyo, kusini kidogo, na mitumbwi hupita hapo bila kusimama.